Maswali ya Kila Mwezi Ofisi ya Mtaa: Usafi, Hela ya Taka, Mitaro na Maboma

Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa katika mji mdogo wa Tanzania Bara, ngazi ya halmashauri ya mji, rika moja na Korogwe, Mafinga, Makambako au Babati. Wiki ya mwisho ya kila mwezi hukaa zamu ofisini: chumba kimoja, meza, benchi, na kalenda ya mwaka juzi ambayo hakuna anayetaka kuitoa kwa sababu ina picha nzuri. Maswali yanayoletwa ni yale yale. Nimeyaandika kama yanavyoulizwa, na mengine huulizwa kwa hasira.

Jumamosi ya usafi ni sheria au ni hiari?

Ni wajibu, ila wengi hawajui umeandikwa wapi. Tulio wakubwa tunakumbuka 9 Desemba 2015, Rais Magufuli alipofuta gwaride la Uhuru na kutaka nchi nzima ishike fagio. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia mijini tangu Agosti. Baada ya hapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya usafi kitaifa. Lakini faini haitoki kwenye hotuba. Inatoka kwenye sheria ndogo za halmashauri, ndiyo maana kiwango cha mji mmoja si cha mji mwingine. Mtu akikuambia "ni agizo la juu, leta elfu ishirini," muulize kwa upole ni sheria ndogo ipi na ya mwaka gani. Mara nyingi sauti hupungua.

Vijana hupenda kuuliza kama tumewaiga Rwanda. Umuganda wao nao ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na unawahusu watu wa miaka 18 hadi 65. Ninachowaonea wivu ni kimoja: wakimaliza kazi wanakaa kikao papo hapo. Sisi tukimaliza kila mtu anakimbilia kufungua duka, halafu mkutano wa mtaa tunauita siku nyingine tunapata watu kumi na mmoja, watatu kati yao wakiwa wamekuja kugonga mihuri.

Lazima nifunge duka?

Kwetu ndiyo, mpaka saa 4 asubuhi, isipokuwa duka la dawa. Ukifagia mbele ya duka lako na mtaro wako ukawa safi, hakuna atakayekusumbua. Anayesumbuliwa ni yule anayeshusha mlango nusu na kuuzia wateja dirishani.

Mgambo kanikamata, anataka hela mkononi. Nimpe?

Usimpe. Malipo halali ya halmashauri yana namba ya kumbukumbu, ile tunayoiita kontrol namba, unalipa kwa simu au benki, au unapewa risiti ya mashine ya POS hapo hapo. Karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa kalamu si risiti hata ikiwa na muhuri. Ukiandikiwa faini na huna hela siku hiyo, chukua namba, utalipa kesho. Ukiona umeonewa, njoo na hiyo karatasi kwa mtendaji. Usije na maneno matupu, maana maneno hayana tarehe.

Mtaro wa sokoni tunauzibua kila mwezi. Mbona hauishi kuziba?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na jibu lake linatuhusu sisi wenyewe kwa sehemu.

Mwezi wa tatu nilishuka kwenye kalavati linalopita chini ya barabara ya sokoni, buti mpaka magotini. Tulitoa godoro la sponji lililojikunja kama chapati, viroba vya mkaa, chupa za maji kwa mamia, mabua ya mahindi, na tope jeusi lenye harufu ya oili chafu ya gereji. Watu kumi na wanne, saa tatu. Maji yalipoanza kupita watu walipiga vigelegele, tukapiga picha, tukaondoka. Tope tukaliacha ukingoni tukisubiri gari la kulizoa. Gari likawa bovu. Siku ya tisa mvua ikanyesha, na tope lote likarudi lilikotoka, safari hii na mchanga wa fundi aliyekuwa anajenga hatua chache juu.

Kwa hiyo tulifanya kazi ya saa tatu ili kulipatia tope likizo ya siku tisa.

Tangu siku ile kamati ilikubaliana: hatutii koleo mtaroni kabla guta la kubeba tope halijasimama pale. Tukikosa guta, tunafyeka nyasi na kuokota chupa tu, mtaro tunauacha mpaka wiki inayofuata. Kuna waliotuita wavivu.

Lakini tope si kisa pekee. Ukichungulia utaona mdomo wa kalavati uko juu kidogo ya sakafu ya mtaro. Maji yanasimama pale kabla hayajapanda kuingia, na maji yakisimama mchanga unatua. Hilo haliondolewi kwa koleo, linahitaji fundi wa barabara avunje na kushusha. Tumeshaliandikia barua. Kisha kuna wenye maduka waliomwaga zege juu ya mtaro ili wateja wapite, mita sita au saba bila tundu hata moja. Chini ya zege hilo hakuna anayefika, si kwa koleo wala kwa sala. Tunachoomba ni vifuniko vya vipande vya kunyanyuliwa na watu wawili. Gharama yake haizidi sana zege la kumwaga, na siku ya usafi mwenye duka anajinyanyulia mwenyewe.

Na mifuko? Ile ya plastiki ilipigwa marufuku 1 Juni 2019, na kweli imepungua. Nafasi yake imechukuliwa na chupa, pamoja na vile vifungashio vyepesi vinavyoonyesha ndani ambavyo vilikusudiwa kwa bidhaa chache na sasa vinabeba hata nyanya.

Elfu mbili ya taka kila mwezi inakwenda wapi?

Kwetu kaya inalipa sh. 2,000, kwa sheria ndogo. Kikundi cha usafi kinapita na guta mara mbili kwa wiki, kinapeleka taka kwenye kizimba, halafu tipa la halmashauri linatoa kizimbani kwenda dampo. Hela ya kaya inalipa watu wa guta. Dizeli ya tipa ni ya halmashauri. Ukiona kizimba kimefurika mpaka barabarani, kwa kawaida aliyekwama ni tipa, si guta, na kumtukana kijana wa guta hakumsukumi dereva wa tipa.

Tatizo kubwa ni wanaokacha. Katika nyumba kumi za uchochoro wangu, mwezi uliopita zililipa sita. Hizo nne hazikuacha kuzalisha taka. Zinatoa usiku, zinaweka kwenye kizimba kile kile ambacho sita wamekilipia.

Mama ntilie mmoja alinijia juu: "Mjumbe, mimi taka zangu nachoma mwenyewe jikoni, nilipie nini?" Nikamwambia, "Mama, maganda unachoma, sawa. Na chupa za soda za wateja wako je?" Akacheka, akasema chupa zinaokotwa na vijana wa kuuza skrepa. Ni kweli, za plastiki ngumu zinaokotwa. Zile nyepesi za maji haziokotwi bei ikishuka, na ndizo nilizozikuta kwenye kalavati. Alilipa elfu moja, akasema nyingine nitaikuta kwenye wali. Bado nadaiwa kwenda kuula.

Barabara ya kwenda zahanati imekatika. Halmashauri inasubiri nini?

Halmashauri inasubiri kama wewe. Tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wenye meneja wake wilayani na bajeti yake. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS. Diwani wako hana greda. Anachoweza ni kupeleka kilio kwenye vikao na kuhakikisha barabara yako imo kwenye orodha ya mwaka. Madiwani wengi bado hawajalimeza jambo hili, maana mpiga kura anamhesabia diwani mashimo hata kama greda si lake.

Hela ya TARURA kwa sehemu kubwa inatoka kwenye mafuta. Mwaka 2021 iliongezwa sh. 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara hizi, kwa hiyo bodaboda anayelalamika kuhusu shimo ameshachangia kulifukia, mara nyingi tu. Mwambie hivyo, atalalamika vizuri zaidi.

Ukija kuripoti, njoo na vitu vitatu: jina la barabara kama linavyoandikwa kwenye kibao cha anwani za makazi, picha yenye kitu cha kupimia (mtu, pikipiki, hata ndoo), na uniambie kama gari la wagonjwa linapita au halipiti. Hilo la mwisho ndilo hupandisha barua juu ya mafaili. Kwa mashimo madogo ya uchochoroni, ambako hakuna barabara iliyosajiliwa, tunajaza moramu wenyewe siku ya usafi, tipa moja kwa kuchangishana.

Kodi ya majengo kwenye LUKU: mimi ni mpangaji, kwa nini nakatwa?

Kwa sababu mita iko mikononi mwako. Kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia LUKU mwaka 2021, sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500. Ukinunua umeme kwa mara ya kwanza mwezi ule, inakatwa kwanza, zinazobaki ndizo zinakuwa yuniti. Ukiruka mwezi hujanusurika, ukija kununua utakatwa ya miezi yote.

Mwenye deni kisheria ni mwenye nyumba. Tunza ujumbe wa LUKU, mwisho wa mwaka zitakuwa sh. 18,000, na mkatane kwenye kodi ya pango. Andikeni kwenye mkataba. Nimesuluhisha ugomvi wa elfu kumi na nane uliofikia watu kutolewa vyombo nje, na mkataba ulikuwa na mistari minne tu, mmoja ukihusu kuku.

Nyumba moja yenye mita mbili haipaswi kukatwa mara mbili. Mzee wa miaka 60 au zaidi anayeishi kwenye nyumba yake isiyomwingizia kipato anasamehewa kwa nyumba moja. Yote mawili hayarekebishwi hapa kwetu, na unapokwenda kuyaombea beba namba za mita. Ofisi ya mtaa inakupa barua ya utambulisho na basi.

Maji hayatoki siku ya nne.

Si sisi. Nenda mamlaka ya maji, au kama uko pembezoni ambako mradi uko chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, kwa chombo cha watumia maji. Bomba likipasuka barabarani piga simu kwao, na utujulishe ili tuzuie watu wasilichimbe zaidi.

Nani ni nani? Mwenyekiti, mtendaji, balozi, diwani?

Mwenyekiti wa mtaa na sisi wajumbe tulichaguliwa Novemba 2024, miaka mitano. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri, ndiye anayeandika muhtasari na kushika mafaili. Mwenyekiti akigombana na mtendaji, mtaa mzima unakosa barua. Diwani anawakilisha kata na ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Balozi wa nyumba kumi ni wa chama, si wa serikali. Wazee hawakubali nikisema hivi, kwa sababu kwa miaka mingi ya chama kimoja mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Msalimie, msikilize, ana habari kuliko sisi sote, lakini barua yake haikufungulii akaunti benki.

Kwani hiyo halmashauri yenyewe ina kazi gani, kama barabara ni TARURA, maji ni mamlaka, umeme ni TANESCO?

Masoko, stendi, machinjio, taka, shule na zahanati, leseni, vibali vya ujenzi, mipango ya ardhi. Nchi hii iliwahi kujaribu kuishi bila halmashauri. Zilifutwa mwaka 1972 kwenye mpango wa madaraka mikoani, na miji ikaachwa bila mwenyewe wa kuzoa takataka wala kuzibua mifereji. Huduma zikaporomoka, kipindupindu kikaingia, na halmashauri za miji zikawa za kwanza kurudishwa, mwaka 1978, kabla ya zile za wilaya. Mzee mmoja aliyekuwa karani enzi hizo aliniambia anakumbuka zaidi inzi.

Tulijenga boma la madarasa mpaka lenta kwa nguvu zetu. Limesimama miaka miwili. Nani analimalizia?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wanaumia.

Utaratibu unaojulikana ni huu: wananchi wanaanza, msingi na kuta, serikali inaezeka na kumalizia. Unafanya kazi pale tu boma lilipoingizwa kwenye mpango kabla tofali la kwanza halijalazwa. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini mapendekezo ya mitaa na kata hukusanywa miezi mingi nyuma, kuelekea mwisho wa mwaka wa kalenda, ili baraza lipitishe bajeti mapema mwaka unaofuata kabla ya Bunge. Mkianza kujenga Machi kwa hamasa ya mgeni rasmi aliyeahidi mabati, mmekosa mlango wa mwaka ule. Ahadi ya jukwaani haina kifungu cha bajeti.

Lililosimama sasa lifanyiwe mambo mawili. Kwanza, fundi wa ujenzi wa halmashauri alikague kwa maandishi, kwa sababu kuta zilizonyeshewa misimu miwili bila kofia huenda zisibebe paa, na hakuna mhandisi atakayesaini bila kukagua. Pili, likishakaguliwa, jina lake liingie kwenye orodha ya maboma kupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, na muhtasari wa kikao hicho mtendaji awe nao. Kuna pia mfuko wa jimbo wa mbunge, mdogo lakini wa haraka, unafaa kwa mabati na misumari.

Na tafadhali mfunike vichwa vya kuta. Nailoni na mawe, nusu siku. Boma letu la ofisi lilipoteza kozi tatu za tofali za udongo kwa sababu kila mtu alisubiri mabati.

Hela ikija, kazi hufanywa kwa fosi akaunti: mafundi wa hapa hapa, na kamati za wananchi za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Ukichaguliwa kamati ya mapokezi usisaini saruji ambayo hujaihesabu. Mimi niliwahi kusaini mifuko hamsini, nikaja kukuta arobaini na saba. Mitatu ile nilizunguka nayo kichwani mwaka mzima.

Ile mikopo ya asilimia 10 imerudi?

Imerudi. Ilisimamishwa 2023, ikaanza tena 2024 kwa utaratibu mpya. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Milango yake ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Ofisi ya mtaa inathibitisha tu kwamba mnaishi hapa na kazi yenu tunaijua, na uthibitisho huo haulipiwi. Kikundi kilichoundwa wiki iliyopita kwa ajili ya mkopo tu tunakitambua mlangoni: hawajui majina ya wenzao.

Nitajuaje hela yetu imetumikaje?

Kila baada ya miezi mitatu mtaa unapaswa kusoma mapato na matumizi mbele ya wananchi na kubandika ubaoni. Ubao wetu ulikuwa unabandikwa matangazo ya waganga mpaka tulipouwekea kioo. Usiporidhika, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Andika swali moja lililonyooka. "Naomba kujua fedha za mtaa" halijibiki. "Naomba stakabadhi za moramu ya mwezi wa nne" linajibika, na wakati mwingine linatisha.

Mbona miji mingine inawekwa lami na taa, sisi tunafagia tu?

Mingi kati ya hiyo iko kwenye mradi wa TACTIC, mkopo wa Benki ya Dunia kwa miji 45, unaojenga barabara, masoko, stendi na mifereji ya mvua kwa awamu. Tunawaombea heri. Lakini nimetembelea mji mmoja wenye lami mpya na mfereji wa zege mzuri wa kuoga, na mwaka mmoja tu baadaye mfereji ulikuwa na nyasi mpaka kiunoni. Hakuna aliyeweka kwenye bajeti ya mwezi watu wanne wa kufyeka. Ufunguzi una mgeni rasmi na utepe, ufyekaji hauna hata soda.

Jumamosi hii tunaanzia wapi?

Kalavati la sokoni, saa 12 na nusu asubuhi. Guta mbili zimeshalipiwa. Makoleo tunayo tisa, toroli mbili, moja haina gurudumu. Mwenye gurudumu la toroli alete Ijumaa jioni, na mwenye lile godoro, kama anasoma hapa, lipo nyuma ya ofisi, limekauka.